Namba Thelathini na Saba

Mlima Kijani, ndivyo wanavyouita. Njoo mwezi wa Julai
uone kijani chenyewe: jiwe, vumbi, jiwe,
na mireteni mikongwe inayokauka kuanzia utosini,
kama mtu anayesahau kwanza majina ya wajukuu.

Mimi na Rahima wa Nizwa, tangu alfajiri:
rula ya milimita, daftari la jalada la plastiki,
chupa ya chai iliyokwisha kupoa.
Tunapima watoto.

Mwaka jana tulichuma mbegu mia mbili,
tukazishusha Maskati, tukazipiga eksirei
kama mifupa iliyoteguka.
Kumi na moja zilikuwa na kiini.
Zilizobaki kapi: ganda zuri, ndani hewa.
Rahima alizima mashine, akasema,
"Basi tunazo kumi na moja,"
kama mtu aliyehesabu nauli akakuta inatosha.

Mama anapiga simu kutoka Al-Khuwair, sauti inakatikakatika.
"Zayana, bado mnahesabu miti?"
Bado, Mama.
"Na wenyewe unaitwaje?"
Watu wa huku wanauita alalani. Vitabuni, mreteni.
"Mreteni." Analionja neno. "Kwetu sikuuona."
Yeye ni wa Mkunazini, Unguja, mtaa wenye jina la mti,
na mkunazi wenyewe, anasema, hakuukuta.
Jina tu ndilo lililokuwa likipokea barua.

Hilo ndilo ninaloliogopa,
lakini mtandao umekwenda, na sijui ningelisemaje.

Saa nne. Uzio wa tatu.
Thelathini na sita, upo.
Thelathini na nane, upo, umeongeza milimita nne.
Kati yao tundu,
na alama za kwato.

Miaka tisa. Sentimita ishirini na tatu.
Niliumwagilia nikiwa na mimba ya Ilham.
Ilham amekwisha ng'oka meno ya mbele, ameota mengine,
na mche huu ulikuwa haujanifika gotini.

Kabla ya adhuhuri akaja mwanamke, ndala mkononi,
Ghaniya, mwenye mbuzi za bonde la chini.
Akafungua kiganja: kibati chetu,
tatu na saba, kimetafunwa ukingoni.
"Ni yule mweusi, mwizi wa kuzaliwa.
Mwanangu kanikataza nisiseme.
Nikulipeni nini?"

Rahima akatoa kikokotoo. Akabonyeza tisa.
Akabonyeza alama ya kuzidisha.
Akautazama mlima
mpaka kikokotoo kikachoka kungoja, kikajizima.

Mchumia juani hulia kivulini, tuliambiwa.
Hawakutaja miaka.
Kivuli cha hapa atakilia
mtu ambaye bibi yake bado hajazaliwa,
na huenda naye akawa na mbuzi.

Tulimpa Ghaniya chai yetu baridi.
Akasema ni mbaya, akanywa vikombe viwili,
kisha akavaa ndala zake, akashika ncha ya waya
bila kuombwa, akavuta
mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.
Yule mweusi alikuwa juu ya jabali,
anatutazama tunavyofunga,
anajifunza.

Kwenye fomu, safu ya sababu ya kifo,
Rahima aliandika: *Mbuzi. Mwenyewe amekiri.*
Akasita. Akaongeza: *Mwenyewe amesaidia uzio.*
Hakuna safu ya hilo. Aliliandika pembeni, herufi ndogo.

Kibati ninacho. Namba haipewi mche mwingine,
ndiyo kanuni, na kanuni hii niliitunga mimi
siku niliyokuwa sijapoteza kitu.

Kwenye jokofu la kituo, Saiq, ndani ya mchanga wenye unyevu,
zimelala zile kumi na moja.
Tunafunua mara moja kwa juma, si zaidi.
Leo Jumamosi.
Rahima ameficha ufunguo, ananijua.
Nami najua alipouficha.