Hodi Katika Damu

Baba yangu Sefania alikuwa mgema wa ulanzi, Kidabaga.
Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia njegere,
alikata ncha ya mwanzi, upana wa ukucha tu,
akafunga mbeta, akaondoka.
Ukinywewa asubuhi ni mtogwa, hata mtoto anapewa.
Ukiachwa hadi jioni ni mkangafu,
na watu wazima wanasahau njia ya kwao.
"Sukari haikai," alisema. "Sukari ina haraka."

Mwaka niliotimiza kumi na mbili
nilianza kunywa maji kama shamba la mchanga.
Usiku natoka mara nne, mara tano,
kwenye tope la Machi,
na asubuhi sisimizi wamepanga mstari
hadi pale nilipochuchumaa.
Bibi aliwaona. Hakusema kitu.
Nilikula ugali wa watu watatu
na sketi yangu ikashikwa na pini.

Nesi Luhwago alinichoma kidole.
Mashine ilikosa namba ya kunipa.
Akavuta kigoda, akaanza:
"Chakula kikisagwa, kinabaki mgeni mdogo, mtamu.
Anasafiri na damu, nyumba hadi nyumba,
anapiga hodi.
Msuli una njaa, unamngoja.
Moyo nao una njaa.
Ila milango hii haifunguki kwa hodi,
inafunguka kwa karibu,
na neno hilo hutoka kwenye kongosho,
huko nyuma ya tumbo.
La kwako limekuwa bubu, mwanangu.
Askari wa mwili wako wenyewe wamelikaba koo.

Basi wageni wanajaa uani
na ndani ya nyumba watu wanakufa njaa.
Ini, ambalo ndilo kihenge,
linasikia kilio, linadhani ni mwaka wa ukame,
linamwaga akiba yake
palepale uani, juu ya waliojaa.
Figo zinafagia mpaka zinachoka.
Kinachofagiwa, sisimizi wanakijua."

Wewe uliyelala usiku kucha bila kula,
ukaamka na nguvu za kutandika kitanda:
kuna kihenge kilikuwa kinakupimia gizani,
kiganja kwa kiganja,
na hukukishukuru. Mimi pia sikuwahi.

Siku hizi karibu yangu inakaa kwenye kichupa,
ndani ya chungu kilicho ndani ya chungu,
katikati mchanga uliolowa.
Baridi ya Kidabaga ni ya bure,
ila Oktoba hatuiamini.
Asubuhi sindano, jioni sindano.
Baba akaacha kuleta ulanzi nyumbani.
Mbeta zote alizitundika kwa mama Tulizo,
kama mtu anayeficha panga.

Halafu siku moja, shamba la viazi.
Nilikuwa nimejichoma, nikala kiazi kimoja,
nikalima matuta manne kwa ubishi.
Jembe likawa zito. Jasho, na jua hakuna.
Mikono inatetemeka, maneno yananiponyoka,
nikamwita kaka yangu kwa jina la mbuzi.
Karibu, karibu, karibu,
damu ilikuwa inaita
na mgeni hakuna.

Baba alitoka kwenye mianzi anakimbia,
mbeta mkononi, povu linaruka.
Mlikuwa na nyuki mfu ndani. Hakumtoa.
"Kunywa. Kunywa yote."
Nikanywa mtogwa ule uliokatazwa,
ukanitiririka kidevuni, shingoni,
na dunia ikarudi polepole, tuta kwa tuta.
Yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka.

Tangu hapo, kila msimu,
mbeta moja haiendi kwa mnunuzi.
Inaning'inia mlangoni hadi saa sita,
kisha anaionja, anakunja uso,
anaimwaga nyuma ya nyumba. Sukari haikai.
Kiangazi anatembea na fundo la sukari
kwenye mfuko wa koti.

Sisimizi wamerudi.
Nikiwaona siogopi,
nafuata tu mstari wao hadi mwisho,
nijue ni wa kwake
au ni wa kwangu.