Kupalia Moto

Juni ikiingia, Meru hujifunika gubigubi,
wiki tatu, nne, hatuuoni,
na ukungu hukaa juu ya kamba za nguo
kama mgeni aliyesahau alichojia.
Nilipewa kalamu, ubao, na fomu arobaini.
"Andika wenye shida kweli," alisema mtendaji,
zipu ya koti imefika kidevuni.
"Mitungi ya gesi ni kumi na miwili."

Kumi na miwili, mtaa mzima.

Nikaanza kwa Bibi Eliakunda, nyuma ya mashine ya mbao.
Nikasimama mlangoni, mguu mmoja nje.
Akanitazama kuanzia viatu.
"Ingia basi. Au umekuja kupalia moto?"

Kaya ina watu wangapi?
"Mimi, na huyu Lomayani, na kuku mvua ikinyesha."
Nishati mnayotumia?
Akanionyesha debe:
maranda yameshindiliwa kuizunguka chupa,
chupa imechomolewa, limebaki koo jeusi
la moto kupumulia.
"Zamani maranda yalikuwa takataka,
unajaza gunia, unasema asante, unaondoka.
Siku hizi wenye kuku wa kisasa wanayanunua,
kuku walale pakavu.
Uzee huu, nawaonea wivu kuku."

Na mkaa?
"Mkaa naupima kwa kopo, kama sukari.
Kopo hilo liivishe makande,
lichemshe maji ya mtoto,
halafu likande magoti yangu.
Hata punda angegoma."

Nikatafuta kisanduku cha magoti.
Palikuwa na Kupikia. Palikuwa na Taa.
Palikuwa na Nyinginezo (taja),
na mstari mfupi kama kucha.
Aliyeitunga fomu hii, nadhani, anakaa pwani,
anajipepea.
Nikaandika: baridi.
Nikafuta.
Nikaandika tena, kwa herufi kubwa.

"Usiku naziba dirisha kwa gunia," akasema,
"jiko naliingiza ndani..."
Kalamu ikasimama.
Mwaka juzi, nyumba ya tatu kutoka pale,
watu walikutwa asubuhi wamelala vizuri mno.
Nikamwambia, Bibi, jiko lilale nje.
"Najua, mwanangu. Nilikuwepo, nilishika miguu yao.
Naacha ufa wa vidole vitatu.
Joto linatokea hapo, baridi inaingilia hapo,
vinapishana kama mtu na mkwewe."

Akanyoosha shingo juu ya ubao wangu.
"Mimi ni wa ngapi?"
Wa kwanza.
"Mtangulize Naishiye. Amejifungua Jumanne,
na kile kitoto hata kutetemeka hakijajua."
Nikakata mstari. Akanishika mkono.
"Mimi wa pili, lakini. Sio wa kumi na tatu.
Nimefanya wema, sijafanya ujinga."

Sikumwambia kwamba mwenye kalamu hajiandiki.
Sikumwambia habari ya soksi zangu, mbili kila mguu,
wala kwamba kopo langu la mwisho
nililipikia uji jana asubuhi.
Nilifunga koti. Nilidhani nimelifunga vizuri.

Saa mbili usiku, mlango ukagongwa.
Lomayani, anahema,
mkononi mkebe uliotobolewa kwa msumari,
mshikio wa waya,
ndani yake makaa matatu, mekundu kwa sababu ya mbio.
"Bibi anasema fomu haina macho, yeye anayo."
Karibu ndani, nikamwambia.
"Hapana, nimeacha sufuria jikoni."
Akageuka, ukungu ukammeza kuanzia magotini.

Nikayapulia yale matatu
juu ya vipande vya ubao wa kabati bovu.
Mitungi haijaletwa; hatujaambiwa lini.
Ikiletwa itakuwa kumi na miwili ileile,
na mimi ndiye nitakayewatazama usoni wale wengine.

Kabla ya kulala nikatoa jiko nje,
nikarudisha kidogo, hadi kizingitini,
nikapima ufa wa mlango:
kidole, kidole, kidole.