Boliti ya Nne

Taa ya njano imewaka tena,
picha ya injini ndogo, imechorwa na mtu
ambaye, naapa, hajawahi kuingiwa na grisi kwenye kucha.
Kwenye mlima wa kutokea Blaenau gari likakata pumzi:
gia ya pili, mguu sakafuni, na bado tunatambaa.
Lori la kondoo likanipita. Kondoo wakanitazama.

Emrys wa gereji alinitajia bei. Nikacheka,
naye akacheka, kisha akaniandikia namba ya kipuri
nyuma ya risiti ya chipsi.
"Vali ya moshi, Gwenllian. Iko nyuma. Utaitukana."

Jumamosi, basi. Mvua ya Wales
hainyeshi kutoka juu; huja kwa ubavu
kama mdeni anayekwepa mlango wa mbele.
Nikafungua boneti ndani ya banda la baba,
nikachomoa betri, hasi kabla ya chanya,
nikatoa kasha la chujio la hewa, kisha bomba la mpira
lenye klipu iliyoning'ata kidole gumba.

Sioni kitu.
Vali imejibana kati ya injini na ukuta,
mahali ambapo mhandisi alijua mkono wa mtu hautafika,
akaiweka papo hapo.
Naitafuta kwa vidole, kama mgeni
anayepapasa swichi katika nyumba ya kupanga:
hili bomba la maji, huu waya, hii sijui,
hii.
Boliti nne. Tatu naziona kwa kioo cha kupakia wanja.
Ya nne naijua kwa imani tu.

Tatu zilikubali. Ya nne kutu imeioa.
Mafuta ya kupenyeza. Chai. Mafuta tena.
Nikaigonga kwa nyundo, si kwa hasira, kwa kubisha hodi,
nikavaa juu yake spana ya baba, namba kumi na tatu,
ile yenye mpini uliofungwa utepe wa bluu.
Robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, robo tena.
Ikalia. Ikaachia.

Nikaishika vali mkononi:
koo lililozibwa.
Masizi mazito yenye mafuta, tabaka juu ya tabaka,
hata tundu la kupita gumba likabaki la kupita penseli.
Kazi yake, kadiri nilivyoelewa, ni hii:
kuuchukua moshi ambao injini imekwisha kuutoa
na kuurudisha ndani, kidogo, uvutwe tena,
ili moto upoe, ili hewa ya nje isichafuke zaidi.
Injini inakula uchafu wake kwa ajili yetu.

Baba alikata mawe ya kuezekea miaka thelathini na mmoja
ndani ya mlima ule ule.
Miji ambayo hakuwahi kuiona, mapaa yake hayavuji.
Usiku, ng'ambo ya ukuta, nilimsikia akipanda kilima
ilhali amelala.
Daktari alitaja jina refu la ugonjwa; mama akaliandika
nyuma ya bahasha, herufi mbili amekosea.
Haikuwa namba ya kipuri.

Haya. Kazi isigeuke matanga.
Nikasugua uso wa chuma mpaka ukang'aa,
nikaweka gasketi mpya, vali mpya, nyepesi kuliko nilivyotarajia.
Boliti zote kwa mkono kwanza, ndipo spana,
mshazari kwa mshazari, bila pupa.
Ya nne niliipaka grisi ya shaba
kwa ajili ya yeyote atakayekuja kuitukana baada yangu.

Nikawasha. Ikakohoa mara mbili,
wingu jeusi likapiga ukuta wa banda,
kisha mngurumo wa chini, ule wa zamani.
Taa bado inawaka. Emrys alisema itang'ang'ania
siku mbili tatu kabla ya kuamini.
Nikaketi, dirisha wazi, masizi yangu kwenye usukani,
nikilisikiliza gari likipumua,
nikajikuta nahesabu, kama enzi zile,
sikio ukutani.