Ufalme Kwenye Mshono

Atlasi tuliyopewa msaada haina jalada,
na Sofene imeangukia katikati, penye uzi:
kushoto SO, kulia NE,
FE imemezwa na gundi.

Nikawaambia wanafunzi wangu wa jioni, hapa Langoni:
huu ulikuwa ufalme. Mdogo. Wa Waarmenia,
milimani, Furati imeukumbatia ubavu mmoja,
Tigri yaanzia mlangoni pake.
Wenyewe wakiuita Tsopki.
Shekue, fundi wa chokaa, akajaribu kulitamka
akapiga chafya.

Nikaendelea. Mfalme mkubwa alikuja na jeshi,
akaketi nje ya ukuta, akadai kodi
aliyokufa nayo baba mtu.
Mfalme mdogo, kijana bado, akatoka akalipa:
talanta mia tatu za fedha,
farasi elfu, na nyumbu elfu wa kubeba.
"Farasi elfu!" Shekue akaruka.
"Hapa Amu wangepita wapi? Kichochoro kipi?
Punda wawili wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume."

Deni lililobaki akasamehewa,
akaozwa dada wa yule aliyemzingira.
Hapo Mwanamkuu, kimya tangu Jumatatu, akauliza:
"Kumbe wale farasi ni mahari?"
Sijui, nikasema. Kitabu hakisemi.
Kinasema tu kwamba bibi harusi alimuua.
"Hilo ningekwambia bila kitabu."

Wakaja wafalme wengine,
wakapiga sarafu zenye sura zao, kofia zimechongoka,
hadi mfalme wa mashariki, Mwarmenia mwenzao,
alipoukunja ufalme kama mkeka
akautia kwapani.
Si Mrumi. Si Mwajemi.
Ndugu.

Hakuna aliyecheka.
Nje, mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti cha msikiti,
moja, mbili, moja.

Mwanamkuu hulima tumbaku Pate,
ndani ya magofu, baina ya kuta za jumba
lililobaki na vidaka vitupu;
huja Amu kuuza, hulala kwa dada yake, Langoni,
ndipo huja darasani, vidole vinanuka.
Akafungua pindo la leso,
akatoa jani moja kavu,
akalilaza juu ya mshono.
"Hili limeota chumbani mwa mfalme," akasema.
"Chumba gani, sijui. Huenda choo."
Kisha akanisaidia kufunga atlasi, polepole,
jani lisivunjike.