Mlango wa Lechipya

Kibaigwa, mwezi wa saba. Upepo unapepeta pumba na watu.
Shangazi Lechipya hakuwa na daftari.
Alikuwa na mlango wa mninga na kipande cha mkaa,
na tarakimu zake zilikoma kwenye tano.
Debe la sita likimiminwa, haandiki sita:
anafuta, anasogea kushoto, anaweka moja,
kisha sifuri, mviringo kama mdomo wa gunia.
Gunia sita zikilala pamoja ni lundo,
na mkaa unahama tena.

Nilipeleka shule hesabu ya nyumbani:
nane jumlisha sita, mbili-mbili.
Mwalimu Chidosa akanitia kosa jekundu.
"Una vidole vingapi?" akauliza.
Sikumwambia kwamba debe halina vidole.

Jioni alikuja kununua debe la mahindi.
Mlangoni pameandikwa 111.
Akaisoma kisomi: jumlisha tarakimu, tatu,
basi inagawanyika kwa tatu, kila mmoja thelathini na saba.
Shangazi aliangalia ile moja ya mwisho, basi.
"Haigawanyiki. Wala kwa mbili."
Tukapanga magunzi uani, gunzi kwa debe:
mbili-mbili kwangu, mbili-mbili kwa Ndahani,
mbili-mbili kwa mdogo wetu aliyekuwa anayatafuna,
gunzi moja likabaki halina mwenyewe.

Mwalimu akahesabu upya kwa makumi yake.
Arobaini na tatu.
Akanyamaza. "Hii," akasema, "ni namba tasa."

Neno hilo tulilijua.
Bombani walimwita hivyo walipodhani hasikii.
Shangazi alicheka hadi kanga ikamteleza.
"Ukiiandika kwa kumi zako, inazaa?"
"Hapana."
"Kwa saba?"
"Sita-moja. Hapana. Popote haizai."
"Basi ni yenyewe. Nguo tu ndizo zinabadilika."
Akampimia lile debe lililobaki.

Alfajiri akaja dalali Msanjila
na magunia yenye vilemba, lumbesa,
kamba zimefumwa juu ya mdomo.
Gunia lake lilimeza debe saba
na yeye pia aliliandika 10.
Ujanja uko hapo, nimeujua ukubwani:
kila msingi ukijiandika wenyewe ni moja na sifuri,
wa sita, wa saba, hata wa mwalimu,
kila mmoja hujiona ndio kumi
na kuwahurumia wengine.
Debe arobaini na mbili:
kwake 60, kwetu 110.
Akatoa fedha za gunia sita.
Mlango ulisema saba.

Shangazi hakupandisha sauti.
Alifungua kamba moja moja,
akateka debe kwenye kila kilemba,
akalimimina katika gunia tupu,
hadi gunia la saba likasimama vumbini,
limejaa, halikupungua hata kisahani.
Lori la nyuma lilipiga honi.
Msanjila akaongeza noti
huku akisema wanawake wa Kongwa hawajui hesabu.

Mlango ninao Nkuhungu, nimeufanya meza.
Chai, watoto na vitambaa vimeufuta mkaa,
imesalia alama moja karibu na bawaba.
Huenda ni tarakimu. Huenda ni mkwaruzo.
Nimejaribu kuisoma kwa sita, kwa saba, kwa kumi,
na kila mara ni moja.