Yadi za Mzee Dharamsi

Kitambaa alikipima kwa wafalme.
Yadi ya kwanza, puani hadi ncha ya kidole:
Mularaja, aliyemuua mjombake, wanasema, akakalia kiti chake.
Ya pili, Chamunda.
Ya tatu haikufika yadi, ilikuwa shubiri:
Vallabha, miezi michache tu, ndui ikamkuta safarini vitani.
Kisha Durlabha nduguye, kisha Bhima,
kisha Karna, na mkasi ukangoja.

"Anhilwad," huniambia, "ndiko kwetu, Gujarati,
kabla babu zangu hawajajua kuna kisiwa kiitwacho Mvita."
Mteja wa Kisauni, mwenye haraka ya harusi,
alitaka doti sita, hakutaka nasaba.
Akafungiwa vyote viwili.

Mimi ni fundi. Cherehani yangu ya miguu
imekaa barazani pake, Mtaa wa Biashara,
miaka thelathini na mmoja. Kodi yangu
ilikuwa kupinda leso za wateja wake, na kusikiliza.
Ndiyo maana najua: Jayasimha hakupimwa kwa yadi,
alipimwa kwa pima, karibu nusu karne,
na mwana hakupata.
Kulikuwa na jamaa yake, Kumarapala.
Kila alipomtazama aliona kiti chake kikiondoka.
Akamwinda. Yule akakimbia,
akafichwa na mfinyanzi tanurini, chini ya matofali.

Mzee Dharamsi naye mwana hakupata.
Alikuwa na Bupi, mtoto wa dadake,
na kila jina la Mularaja likitajwa
jicho la mzee lilimpitia kijana kwa pembeni.
Mwaka ule pesa zilipopungua kwenye dawati
(zikaja kuonekana baadaye, ndani ya daftari la zamani)
Bupi alifukuzwa, viatu mkononi.
Siku nne alilala kwangu Kibokoni
juu ya mabaki ya kaniki na melimeli,
Mwanakombo akimchemshia kunde
kwa kuwa nyama hali.
Mzee akaniuliza: umemwona?
Nikauma uzi. Nikasema, bado.

Juzi mzee katiwa motoni, majivu yakapoa.
Kantaben akafundua ncha ya sari,
akatoa funguo, akampa Bupi,
wala hakutamka neno.
Leo amekuja mtu wa vioo.
Kapima mlango. Kapima na baraza.
Utepe wake wa chuma una namba tele,
hauna hata mfalme mmoja.

Bupi, mjombako hakuwahi kunitajia
jina la yule mfinyanzi.
Nilimuuliza mara moja, akasema ngoja, nitakumbuka,
akaendelea kukata.
Ila alinieleza kwamba Kumarapala alipokaa kitini
alimtafuta, akampa vijiji.

Mimi vijiji nitavipeleka wapi?
Ni hatua nne tu za kivuli, hapo mlangoni,
pale miguu ya cherehani ilipochimba sakafu.
Hapo hapo. Hapo utepe ulipokomea sasa hivi.