Futi Thelathini na Moja

Tulikuwa tunatafuta maji, Bahi, mwezi wa kumi.
Futi ya kumi, kichanga. Ya ishirini, udongo mweupe
unaonata kwenye sururu kama ugali wa uwele.
Ya thelathini na moja, Ndahani akaita kutoka chini:
"Teremsheni taa. Kuna mtu anacheka humu."

Si mtu. Taya.
Jino moja refu, limepinda kama mundu,
na ubavuni pake taya jingine, pana, zito,
magego yamelika kama jiwe la kusagia la bibi.
Kati yao, mfupa wa paja.

Akaja bwana wa mambo ya kale na brashi ya kupakia wanja.
Siku tatu alipuliza vumbi. Ya nne akasema:
huyu ni paka, mkubwa kuliko simba mnayemjua,
na huyu, sina hakika, huenda ni dubu.
Tukaangua kicheko.
Dubu tunamjua: yuko kwenye blanketi la mama Sechelela,
ameketi thelujini, anauzwa kwa mkopo mnadani.
Dubu, Bahi? Ale nini, zabibu?

Hakucheka. Alitugeuzia mfupa.
Huku tundu moja, safi, kama la mkuki.
Huku umepondwa, umetafunwa bila haraka.
"Mmoja aliua," alisema. "Mwingine alikuja na mwili wake tu."

Usiku niliwaona.
Paka juu ya windo, pumzi ya mbio haijamrudia,
na pande la giza linakuja likifuata harufu,
halikimbii, halina sababu ya kukimbia,
linasimama kwa miguu miwili lipimwe.
Paka anarudi nyuma hatua moja. Ya pili.
Kisha anakumbuka watoto aliowaacha kwenye mawe.

Baba na baba mdogo Chitema walishikana hivyohivyo, mwaka wa njaa,
kwa mtamba mmoja wa mahari ya shangazi.
Mmoja alimlea. Mwingine alikuja na mwili wake tu.
Mtamba alifia zizini, kamba shingoni,
wenyewe wako kwa mtendaji, kila mmoja anaapa.

Asubuhi nikamuuliza bwana yule:
mwenye paja, alikuwa nani?
Akafunua daftari. Hakuwa amemwandika.
"Swala," akasema, "ama pofu. Alikuja kunywa."

Futi ya thelathini na nne maji yalitoka.
Yana chumvi.
Tunakunywa.